Maji ya Pili ya Musherekha

Nakhumicha wa Sirisia ni mama ambaye mgeni hatoki kwake bila kula. Analima maharagwe na mrenda. Mumewe, Wangila, alikuwa fundi wa baiskeli mpaka miguu ilipoanza kumvimba.

Mwaka jana Nakhumicha alimpeleka mzee wake hospitali, huko Kitale. Daktari akasema figo zimechoka, aache chumvi. Nakhumicha akarudi nyumbani, pakiti ya chumvi akampa jirani. Mrenda ukabaki na musherekha peke yake, tena akauongeza kidogo ili mzee asinung'unike. Kwake hiyo haikuwa chumvi. Ni maji ya jivu tu, si mnajua? Unachoma maganda makavu ya maharagwe, jivu unalitia kwenye kopo lenye matundu, unamwagia maji, yanadondoka yakiwa na rangi ya chai ya strungi. Mboga ikipikwa nayo inalainika.

Basi siku moja akaja Ivy, msichana wa utafiti kutoka chuoni.

"Mulembe, mama. Tunapima musherekha wa kila nyumba, tujue una nini ndani."

Nakhumicha hakumpa ule wa jikoni. Mgeni apewe kitu kikali hivyo? Jivu lilelile akalimwagia maji mara ya pili, yakatoka mepesi, yale ya kupikia wageni. Akajaza chupa.

Baadaye Ivy akawaita watu kanisani kuwasomea majibu. Wangila naye alijikongoja akaenda.

"Musherekha una potasiamu nyingi," Ivy alisema. "Figo nzima zinaitoa. Figo mbovu zinashindwa, inabaki kwenye damu, na inaweza kusimamisha moyo. Sasa, wa mama Nakhumicha ndio mwepesi kuliko yote."

Makofi yakapigwa. Wangila akainua fimbo. "Mmesikia, bana? Bibi yangu hana makosa! Leo niongezewe chakura."

Nakhumicha angeweza kukaa na makofi yake. Lakini alikuwa anaitazama ile miguu ya mumewe, imejaa kwenye viatu. Akasimama.

"Ivy, ule niliokupa ni wa wageni."

Kanisa zima likacheka. "Ati musherekha wa wageni?"

"Ndiyo. Maji ya pili."

"Na mzee anakula upi?" Ivy akauliza.

"Maji ya kwanza. Kila jioni, tangu aache chumvi."

Ivy hakucheka. "Mama, kesho asubuhi mpeleke Kitale. Na chupa ya huo wa kwanza uibebe."

Damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa imepanda. Wakamlaza mpaka ikashuka.

"Mama, si nilisema chumvi?" daktari aliuliza, chupa mkononi.

"Ulisema chumvi, daktari. Jivu hukulitaja."

Daktari akaiweka chupa mezani. "Ni kweli. Sikulitaja."

Ivy alirudi Sirisia kuchukua chupa upya, nyumba kwa nyumba. Safari hii alikuwa anaomba ule wa siku zote, na akina mama wakawa wanamtania, "Kwani wewe si mgeni tena?"

Wangila yuko nyumbani. Mrenda wake ni kidogo siku hizi, bila chumvi, bila musherekha. Jioni ya kwanza alionja, akaweka tonge chini.

"Mama, hii hata wageni hujawahi kuwapikia."

Nakhumicha akamsogezea sahani. "Basi karibu, mgeni. Kula."