Mji wa Bakulini na Mabati ya Bungu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, baada ya kuanika nguo, nilitandika karatasi ya manila juu ya meza ya sebuleni kwetu Korogwe nikaanza kuchora mji ambao sijawahi kuuona. Mji huo ni La Paz, nchini Bolivia, katika milima ya Andes. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya makazi ya watu huwachorea wanafunzi mkato wa bonde lake: uwanda wa juu ulio tambarare, kisha ardhi inayokatika ghafla, kisha bakuli kubwa lililojaa nyumba tangu ukingoni hadi kwenye sakafu yake. Kalamu nyekundu ilikuwa ya nyumba za matajiri. Nilizipanga zote juu, ukingoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya mto, anapepeta mchele. Ilikuwa wiki yake ya sita kwetu. Mwishoni mwa Januari aliteleza kwenye njia ya kupandia nyumbani kwake Bungu, milimani Usambara, akaumia nyonga, na mume wangu akamteremsha ili atibiwe. Nyonga ilikuwa inapona. Kilichobaki ni uamuzi ambao yeye hakushirikishwa, aliusikia tu: mume wangu na kaka yake mkubwa, aishiye Tanga, walikuwa wamekubaliana kwamba mama asirudi tena mlimani. Masika yakipungua, fundi angepanda Bungu, ang'oe mabati ya nyumba yake na kuyateremsha yaezeke chumba ambacho wangemjengea uani kwetu. Nyumba ya udongo isiyo na paa, mlimani, haimalizi msimu mmoja wa mvua. Yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Kwa wiki sita jirani yake alikuwa akiwasha moto jikoni mwake kila Ijumaa, ili moshi uendelee kuzilinda boriti zisiliwe na mchwa, na kila Ijumaa mama mkwe aliniomba simu amuulize kama moshi umetoka.

Kazi ya kumlainisha nilipewa mimi. "Wewe anakusikiliza," mume wangu aliniambia.

"Hizo nyekundu ni nini?" mama mkwe aliuliza siku hiyo.

"Ni nyumba za wenye mali, mama."

"Na huko juu kukoje?"

"Ni juu kuliko Bungu mara nyingi. Ukifika usawa huo Kilimanjaro, hukuti shamba wala nyumba ya mtu. Upepo ni mkali, na usiku wa kipupwe maji yanaganda. Hata maharage yanachelewa kuiva, kwa sababu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha."

"Maskini kuni zao," alisema. "Na huko chini?"

"Chini pana joto kidogo. Pamekingwa na upepo, na miti inaota."

Aliuweka ungo chini. "Sasa mwanangu, mwenye mali ana wazimu gani akajenge penye upepo?"

Nilimjibu, kwa sauti ya darasani, kwamba juu kuna maji na hewa safi.

"Nyie Wazigua," alisema, "mkiona kilima mnadhani kimebeba mtungi. Sisi wenyewe wa mlimani hatujengi mgongoni mwa mlima. Tunashuka kidogo, tunachonga kiwanja, mlima unatukinga. Kafungue kitabu chako vizuri."

Nilizaliwa Handeni, katika kijiji ambacho wanawake walikwenda lamboni alfajiri ili wawahi maji kabla ya ng'ombe. Siku za mbingu safi tuliiona Usambara upande wa kaskazini, mstari wa buluu, na bibi yangu alituambia kwamba kule migomba haijui kiangazi. Nilikua nikiamini kwamba neema huanzia juu, na kwamba kila aliye chini anasubiri mabaki. Imani hiyo nilikwenda nayo chuoni na nikarudi nayo, na nilipokutana na mji wa milimani kwenye vitabu niliusoma kwa macho ya mtoto wa lamboni. Nilifungua kitabu. Ukurasa ambao nilikuwa nimeupita miaka yote ulisema wazi: La Paz, kadiri mtu anavyopata uwezo, ndivyo anavyoshuka. Matajiri wapo bondeni kabisa, penye joto. Wasio nacho wamepanda ukingoni. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu mji uliopinduliwa, na Jumatatu ilinibidi nisimame mbele ya kidato cha nne nikawaambie hivyo.

Lakini jioni hiyo nilisoma kwa raha ambayo sikuwa nimeipata kitabuni kwa muda mrefu. Wahispania waliouasisi mji waliuweka kwanza juu, kwenye uwanda. Siku chache tu baadaye waliuhamishia bondeni, ambako Waaymara, wenyeji wa nchi, walikuwa na makazi yao kando ya mto wenye dhahabu. Mto huo sasa unapita chini ya barabara, umefunikwa, na watu wananunua mkate juu yake. Nyumba zilipanda kuta za bakuli, moja kwenye bega la nyingine, mahali ambapo mhandisi angesema hapajengeki na ambapo mvua kubwa hubomoa kweli. Mji ukafika ukingoni. Na upande wa kusini mashariki umesimama mlima wenye theluji, Illimani, unaoonekana na tajiri na maskini kwa usawa. Nilijikuta nauheshimu mji huo kama mtu anavyomheshimu jirani aliyelea watoto wengi kwenye chumba kimoja.

Nikaona pia kwamba nimepata silaha. Asubuhi, tukinywa chai, nilimwambia mama mkwe kwamba alikuwa sahihi, kisha nikaongeza: "Kwa hiyo unaona, mama. Hata hao waliojaribu kukaa juu, walishuka. Kushuka si kushindwa."

Yeye, kama wazee wengi wa Usambara, aliiita nchi yetu ya tambarare nyika, na nyika kwake ilikuwa homa, vumbi na maji ya kununua. Nilitegemea abishe hapo. Badala yake alikoroga chai.

"Na huko juu amebaki nani?"

Sikuweza kumdanganya. Nilimweleza kwamba juu ya ukingo, kwenye uwanda ule ule wenye upepo ulioachwa na waasisi, umeota mji mwingine, El Alto. Wameujenga watu waliotoka vijijini, wakulima na wachimba madini, wakianza na chumba kimoja cha matofali ya udongo kwenye kiwanja kitupu. Hakuna aliyewapangia. Walichimba mitaro wenyewe na kudai umeme mtaa kwa mtaa. Wanawake wao huvaa sketi pana za tabaka tabaka na kofia ndogo za duara, na hubeba mzigo mgongoni kwa kitambaa cha rangi. Leo mji wa juu unalingana na ule wa chini kwa wingi wa watu, na kati ya miji hiyo miwili watu hupanda na kushuka kwa vyumba vidogo vya vioo vinavyoning'inia kwenye nyaya, juu ya mapaa.

"Wanashuka kufanya kazi, wanapanda kulala," alisema.

"Wengi, ndiyo."

"Na kwa nini wasihamie chini wote?"

"Kushuka kunahitaji uwezo, mama. Lakini wengine wamepata uwezo na bado wamejenga huko huko juu, maghorofa ya rangi kali. Barabara za kwao vijijini zinaanzia pale."

Alicheka mpaka akashika nyonga. "Kumbe wana akili. Mlinichorea mji mzima ili mnivue paa, na mji umenitetea." Kisha akasema taratibu, bila hasira: "Mwanangu, mimi siogopi kuishi kwako. Naogopa Ijumaa ambayo nitapiga simu na hakuna mahali pa moshi kutokea. Waambie wanangu hao. Mimi nikisema wataona ni uzee."

Sikuwaambia siku hiyo. Mke hampingi shemeji mkubwa kwa urahisi, na mume wangu alijibu kila dokezo langu kwa neno moja: kaka. Mwanzoni mwa Aprili daktari alimruhusu mama atembee kwa fimbo, naye akaomba kwenda Bungu wiki moja tu, kuangalia maharage aliyopandiwa na jirani. Nilimsindikiza. Toka gari lilipotushusha hadi mlangoni kwake ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mzima wa afya. Sisi ulituchukua saa nzima. Pale alipoteleza Januari, udongo ulikuwa bado mwekundu na laini. Nilisimama nikapatazama sana. Nyumba ilikuwa kama alivyosema, imeshuka kidogo kutoka mgongo wa mlima, na moshi ulikuwa unatoka, ingawa ilikuwa Jumanne. Jirani alikuwa amesikia tunakuja.

Nilimwacha kwake nikarudi Korogwe, na wiki yake moja ikawa tatu. Shemeji alipiga simu akiuliza fundi apande siku gani. Kwenye simu ningeitikia "ndiyo shemeji", kama nilivyolelewa. Kwa hiyo nilimwambia nitamjibu, nikachukua karatasi, kwa kuwa karatasi haikatizwi. Barua niliyomtumia, mume wangu akiwa ameisoma na kuikunja mwenyewe, ni hii:

"Shemeji, salaam. Mama hajambo. Anatembea kwa fimbo, anapika mwenyewe, na maharage yake yameshatoa maua. Mliniomba nimshawishi ashuke. Nilijaribu kwa dhati, nikashindwa kwa haki, maana nilipofika Bungu niliona kwamba kilichomwangusha ni njia, wala nyumba yake haina kosa. Kiwanja ni kikavu, boriti hazina mchwa, na jirani yu karibu kiasi cha kusikia akiita. Chumba cha uani tukijenge, na kitakuwa chake kila akija kwa daktari, ila tukiezeke kwa mabati mengine. Kuna nchi ya mbali ambako watu wa mlimani hawakulazimishwa kuchagua kati ya juu na chini. Walitengenezewa njia ya kupitia. Sisi hatuna nyaya, lakini ngazi za kuchonga ardhini tunaweza. Nimehesabu mahali palipo pabaya: ni kuanzia mgomba wa tatu hadi kwenye jiwe kubwa. Kwa hiyo fundi tunamhitaji, na apande mapema kabla mvua hazijapalainisha zaidi. Tafadhali mwambie nyundo ya kung'olea misumari aiache Tanga, aje na sululu."