Nanasi na Tunda la Msonobari

Harufu ya utomvu wa msonobari ikinipata kwa seremala wa Kiamunyi, namkumbuka mwalimu akigawanya neno la Kiingereza "pineapple" ubaoni: "pine", msonobari, na "apple", tofaa. Nikauliza, "Nanasi linafanana na tofaa wapi?"

"Kaa chini, mjuaji!" mwalimu akafoka. Darasa zima likanicheka.

Nyumbani nilipomsimulia, mama aliweka nanasi kando ya tunda kavu la msonobari, lile la kuwashia jiko. "Wachana na tofaa. Angalia magamba." Kwenye yote mawili yalizunguka sawasawa.

Kesho yake nikayapeleka yote mawili darasani. Mwalimu aliyageuza, akafungua kamusi yake nene, akasoma polepole: jina lilikuwa la tunda la msonobari kwanza, nanasi likalirithi kwa kufanana nalo.

"Nani amekufundisha?"

"Mama," nikasema kwa nguvu. "Yule anayekuuzia kuni, mwalimu."