Ufa wa Ukurasa wa Nne

Nimewahi kushtushwa na nyoka, na radi, na matokeo yangu ya kidato cha nne. Hakuna kilichonishtua kama ripoti niliyoiandika mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nikapongezwa.

Mimi ni fundi wa maji. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini huku Mbulu nikikagua mabomba, chemchemi na matenki, kisha kurudi ofisini kuandika nilichokiona. Kukagua nilifundishwa chuoni. Kuandika nilijifunzia nyumbani bila kujua, na balaa lilianzia hapo.

Kwetu mtu haingii na habari mbaya mlangoni. Ukitumwa kupeleka msiba unapiga hodi, unawaamkia wakubwa, unaulizwa ng'ombe, unasema wazima. Watoto? Wazima. Mvua? Inanyesha. Maharage? Yamechanua. Unaletewa chai, unakunywa. Ndipo unashusha kikombe na kusema, "Ila." Wenyeji wameijua hiyo "ila" tangu ulipopiga hodi, kwa sababu wanakutazama usoni. Karatasi haina uso, na mimi hilo sikuwahi kulifikiria.

Siku hiyo nilikwenda kijiji kimoja upande wa Masieda. Tenki lao lilikuwa la mawe na saruji, limejengwa kwenye mteremko, na bomba la kuchotea lilikuwa chini kabisa ya ukuta wake. Nilipokewa na katibu wa kamati ya maji, mama wa makamo aliyevaa buti na koti la mvua, asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono na kukiingiza kidole changu kwenye ufa. Pembeni alikuwa amechora alama kwa mkaa.

"Mwezi uliopita hapa ulikuwa unaingia ukucha," akasema. "Sasa kinaingia kidole. Maporomoko ya Katesh tuliyaona. Hili tenki linaanguka, mwanangu. Tulimwage?"

Kumwaga tenki ni amri ya ofisi. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na kijiji kilichofungiwa maji humpigia diwani simu kabla ya saa nne asubuhi. Nikaogopa.

"Subirini barua, mama," nikamwambia. "Naandika leo leo."

Na kweli niliandika siku hiyo hiyo, kurasa tano. Nilimshukuru mkuu wa ofisi kwa kuniruhusu kusafiri. Niliushukuru uongozi wa kijiji kwa mapokezi. Nilieleza historia ya mradi, hali ya hewa na ari ya wananchi. "Kwa ujumla mradi unaendelea vizuri na wananchi wanapata huduma." Mwishoni mwa ukurasa wa nne, baada ya aya nzima kuhusu uzio na mbuzi wanaouvuka, niliweka "ila" yangu: "Hata hivyo, kumeonekana ufa kwenye ukuta wa chini, ambao ni vyema ukaangaliwa pindi nafasi itakapopatikana."

Bosi wangu, mzee mtaratibu anayekaribia kustaafu, aliisoma, akaniambia ninaandika vizuri kuliko wenzangu. Siku nzima nilitembea nimevimba kichwa.

Wiki ya tatu simu ya mwenyekiti wa kijiji ilinikuta Dongobesh, nikinunua vipuri vya pampu. Ukuta ulikuwa umeanguka asubuhi hiyo. Katibu alikuwa pale, kama kila asubuhi, akiupima ufa kwa mkaa wake na kuwahimiza watu wachote haraka waondoke. Aliposikia mawe yakilia aliwafukuza wenye ndoo wote, wakakimbia, wakapona. Yeye jiwe lilimwangukia mguuni, na hospitalini wakaukata chini ya goti.

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji, dukani kwa watu. Mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa.

Ofisini bosi alikuwa ananisubiri. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, bosi," nikajibu, na hasira ilikuwa imenishika kweli. "Iko ukurasa wa nne."

Alivuta faili akanipa. "Nisomee kwa sauti. Ukifika mahali pa kuninyanyua kwenye kiti hiki, nyamaza."

Nilisoma. Shukrani, mapokezi, historia, hali ya hewa. Nikafika kwa mbuzi. Sikunyamaza popote. Hata ile sentensi ya ufa niliipita, kwa jinsi nilivyoilainisha, ikabidi nirudi kuitafuta. Mimi niliyeutia kidole ufa ule, kama ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti, nisingelimwaga lile tenki. Ningemaliza kusoma, nikaagiza chakula cha mchana.

Bosi hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. "Yakague matenki mengine ya fundi aliyelijenga hilo," akasema. "Kisha andika ripoti ya tukio. Katibu naye aisome, asaini."

Utadhani nilikuwa nimejifunza. Jasiri haachi asili. Aibu ilinifanya niandike kwa upole zaidi ya mwanzo, nikaibeba ile ripoti mpaka hospitalini katika bahasha safi.

Yule mama alikuwa amekaa kitandani, ameletewa uji, hajaugusa. Nilimwamkia nikitazama sakafu. Aliitikia vizuri tu, kisha akauliza jambo moja.

"Ile barua ilikwama wapi, mwanangu? Tuliisubiri."

Nikampa bahasha. Alisoma akifuatisha mistari kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Natafuta mguu wangu humu," akasema. "Sijauona."

Ulikuwa ukurasa wa tatu. "Mtumiaji mmoja wa maji alipata majeraha na anaendelea vizuri." Nikamwonyesha. Alikiweka kidole juu ya ile sentensi.

"Na tenki la kijiji cha jirani?" akauliza. "Si alijenga fundi yule yule? Lenyewe halina ufa?"

Lilikuwa na ufa. Nilikuwa nimelikagua jana yake, na kidole changu kilikuwa kimeingia tena, na nilikuwa nimeuandika kwenye mapendekezo, ukurasa wa mwisho: uangaliwe. Kidole kile kile, ufa kama ule ule, na bado nilikuwa nimepiga hodi na kuanza kusalimia.

Nikageuza karatasi upande usioandikwa, nikatoa kalamu. Niliandika mstari mmoja, na haujawahi kunitoka mstari mgumu kama ule: "Katibu wa kamati ya maji amepoteza mguu kwa sababu mimi, fundi niliyeuona ufa, nilimwambia asubiri barua." Nikampa. Nilidhani hapo nimefanya ujasiri wote unaohitajika duniani.

Alisoma, akatikisa kichwa.

"Hii ni kweli, lakini ishushe chini. Mguu umeshakwenda. Lile tenki bado limesimama, na watu wako chini yake."

Nikachukua karatasi nyingine. Nilitaja jina la kijiji, nikaandika: "Tenki la hapa litaanguka. Wananchi wanachota chini ya ukuta wake leo. Limwagwe sasa." Chini yake nikaandika ufa unaingiza nini na tangu lini. Chini yake nikaandika mguu, na mimi. Mistari sita kwa jumla. Mama aliisoma mara moja tu, akaomba kalamu akasaini.

Niliipiga picha kwa simu, nikamtumia bosi, nikatoka nje ya wodi kusubiri. Sikuwa hata nimepata pa kuegemea alipopiga. Hakuuliza swali lolote. Alisema ameshampigia mwenyekiti wa kile kijiji, watu wameondolewa bombani, koki imefunguliwa na maji yanatoka kwenda bondeni.

Nilirudi ndani. Uji wa mama ulikuwa bado unatoa mvuke.

"Wanalimwaga," nikamwambia.

Aliitazama simu mkononi mwangu, kisha mahali blanketi lilipokuwa limelala bapa.

"Kumbe ni haraka hivi," akasema.