Kila Koma Mahali Pake

Baba yangu alifundisha bila kitabu. Tulipokimbia kutoka Bukavu, Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilikuwa bado mdogo, na shule yake na vitabu vyake vyote vilibaki kule. Tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akaanza kufundisha watoto ndani ya kanisa letu la matofali, na masomo aliyatoa kichwani, mstari kwa mstari. Anasema, tunaandika. Kesho yake tunasimama mmoja mmoja na kumrudishia yote, kila koma mahali pake. Ukikosa neno, unakaa chini na aibu yako. Mimi sikukaa chini mara nyingi, na msitarajie nijishushe kwa hilo.

“Kichwa yako njo sanduku yako, mama,” alikuwa akiniambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo “njo” ni “ndiyo”, na baba humwita binti yake mama. “Hata ku mpaka, hakuna muntu ataifungua.”

Kwa hiyo nilipopata ufadhili wa kusomea afya ya jamii katika chuo kikuu kimoja Lilongwe, nilikwenda nikiwa nimeinua mabega. Kumbe chuo kile kilikuwa ugeni juu ya ugeni. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na kwetu shule ilikuwa Kifaransa. Mhadhiri alipoingia darasani nilisimama wima kama tulivyozoea, peke yangu, wenzangu wote wameketi. Walicheka. Nikasema moyoni, chekeni, tutaonana kwenye mtihani.

Mtihani wenyewe uliuliza juu ya maji na kipindupindu kwenye makazi ya watu wengi. Nilikaribia kupiga vigelegele. Niliwarudishia somo zima neno kwa neno, vichwa vya habari nikavipigia mstari wa rula kwa kalamu nyekundu, nikatoka nikijua nimewamaliza.

Karatasi yangu ilirudi na sifuri, pamoja na wito wa kwenda mbele ya kamati. Mhadhiri alikuwa ameiweka kando ya notisi zake akaona hazitofautiani hata kidogo. Aliamini nilikuwa nimeziingiza kwa siri kwenye chumba cha mtihani. Kwao huo ni wizi, na mwizi wa mtihani anafukuzwa. Nikifukuzwa, ufadhili umekwisha, na nitarudi Dzaleka kumweleza baba kwamba sanduku lake limeitwa mali ya wizi.

Nililia, lakini kwa hasira. Nilikuwa nikiishi chumba kimoja huko Mchesi, mtaa wa Lilongwe, na dada wa kanisani, fundi wa kushona, Mkongo mwenzangu kutoka Uvira. Aliniona nafunga begi, wala hakusimamisha cherehani.

“Unaenda wapi?”

“Dzaleka.”

“Uliiba?”

“Sikuiba!”

“Sasa we unakimbia nini? Benye kuiba njo banakimbiaka. Kula nsima, ulale, kesho enda ubaambie.”

Nsima ni ugali wa huku. Niliula wote, kwa ukaidi.

Kesho yake niliwakuta wahadhiri watatu nyuma ya meza ndefu. Katikati alikaa mwenye somo, mama wa makamo asiyepoteza maneno. Akaniuliza notisi nilizificha wapi. Nikamwambia, kichwani. Mmoja wa wenzake akacheka, na hapo damu ikanichemka.

“Fungua notisi zako popote, Madam,” nikasema. “Nisomee mwanzo wa sentensi tu.”

Akasoma. Mimi nikaendelea. Nikamaliza aya, nikamaliza ukurasa, nikaingia kwenye jedwali na kulisoma safu kwa safu. Akaruka mbele kwenye somo lingine, akasoma tena. Nikaendelea. Yule aliyecheka sasa alikuwa ameinama juu ya notisi, akinifuata kwa kidole.

“Inatosha,” akasema huyohuyo. “Huyu hakuiba.”

Nilitaka kucheza pale pale mbele ya meza. Lakini yule mama alikuwa hajamaliza. Alifunga notisi, akaziwekea mkono juu.

“Sasa zimefungwa. Wewe unafikiri nini?”

Nikaanza kurudia somo. Akanikatiza. “Hayo ni yangu. Nimekuuliza wewe.”

Tangu nizaliwe hakuna mwalimu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Niliogopa kuliko nilipoitwa mwizi. Nikaipitia kimoyomoyo ile sentensi yake isemayo kwamba watu wa makazi kama yetu huchota maji machafu kwa kukosa elimu. Nilikuwa nimeiandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Nami ndiye niliyekuwa nachota maji hayo.

“Nafikiri hapa umekosea, Madam.”

Nikamweleza kwamba Dzaleka hata mtoto anajua kisima cha wazi kinaleta kipindupindu, tulikuwa tukiimba hivyo shuleni. Lakini foleni ya pampu ilianza kabla jua halijatoka, na anayengoja zamu yake alifika darasani somo limekwisha. Asubuhi nyingi nilichota kwenye kisima nikijua kabisa ninachochota, kwa sababu sikutaka kukosa sentensi ya kwanza ya baba yangu. Mtuongezee pampu kwanza, nikasema, kisha mje na elimu.

Yule mama akachukua kalamu. Aliandika! Mhadhiri wa chuo kikuu aliandika maneno yangu, nami nikasema polepole ili asipitwe. Alipomaliza akaniambia kwa Kichewa, “Zikomo,” yaani asante, kisha akaniagiza niandike jibu langu upya bila notisi zake. Nililiandika nikiwa na njaa ya kusema. Ndilo lililoongoza darasa zima.

Jumamosi nikapanda basi hadi Dzaleka, na kipande cha mwisho nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, nikimhimiza kijana wa watu akanyage. Nilimsimulia baba nikiwa bado nimesimama.

“Ukamwambia Profesa iko na kosa?”

“Ee, Papa.”

“Na hakukufukuza?”

“Aliandika.”

Baba aliinuka, akatoka nje. Nilijua ameudhika, nikalala na wasiwasi wangu.

Jumatatu, kabla ya kurudi mjini, nilipita kanisani kumuaga. Watoto walikuwa wakimrudishia somo, kila koma mahali pake. Wa mwisho alipoketi, baba akakohoa.

“Mufunge madaftari. Sasa ninyi, munawaza nini?”

Wakatazamana. Kisha msichana mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono, akaushusha, akaunyoosha tena.

“Mwalimu, mi nawaza pale iko na kosa.”

Baba akageuka, akanitazama mlangoni, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

“Simama, mama,” akamwambia yule mtoto. “Sema.”