Cherehani Bila Kitambaa

Leo mzungu nusura aniponze, jamani.

Kaja dukani kwangu Nyakabanda kupunguza suruali. Nikiwa nampima kiuno, akauliza kwa sauti: "Fundi, kura ya kesho ina mgombea mmoja tu. Mtachagua nini?"

Mimi? Kifua mbele: "Bwana, mambo ya Rwanda tutayasema Wanyarwanda wenyewe."

Akanywea, akaondoka. Nikajiona shujaa.

Kumbe jirani yangu Hamadi, muuza sukari, alikuwa mlangoni. Akanisogelea, akanong'ona: "Umemjibu vizuri, Fundi. Sasa sisi wenyewe tutayasemea wapi?"

Hamadi huyu, asiyewahi kuniuliza hata bei ya uzi!

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu, bila kitambaa.

Alikuwa anauliza, au ametumwa?

Mnaojua, msinijibu hapa.