Bisibisi Sikioni

Kiwandani walimwita Mama Bisibisi. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupaka mashine grisi, na kila asubuhi, zikishawashwa, aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, akabana mpini sikioni na kufumba macho. Hivyo ndivyo alivyosikiliza beringi zinazozunguka ndani. Beringi nzima, alisema, inakoroma kama mtu aliyeshiba. Inayokufa inasaga meno.

Zamani mashine za kuchambua pamba zilikuwa kumi na mbili. Sasa iliyofanya kazi ilikuwa moja tu, namba nne. Ikisimama hiyo, wasokotaji hawana cha kusokota na blanketi hazitoki. Zile nyingine zilikuwa zimekufa, lakini Mama Bisibisi alizipitia kila Ijumaa na kuzipaka grisi vilevile.

"Huyu anapaka maiti mafuta," wenzake walimtania.

Meneja alikuwa wa tano katika miaka minne. Walimwita Bwana Kikao, maana hakuna aliyewahi kumkuta nje ya kikao. Alipofika tu alitoa amri: hakuna kusimamisha mashine wala kutoa kipuri stoo bila fomu yenye saini yake.

Jumatatu moja, Mama Bisibisi alisikia namba nne ikisaga meno. Akajaza fomu. Jumanne akajaza ya pili, Jumatano ya tatu, kila moja na saa yake. Hakuna iliyorudi. Alhamisi alimvizia meneja mlangoni.

"Bosi, naomba saa tatu tu nibadilishe beringi ya namba nne. Ikipasuka, silinda itapinda, na silinda nyingine hatuna."

"Umeipima kwa kifaa gani?"

"Bisibisi."

Meneja akacheka. "Mama, hii ni wiki ya malengo. Subiri Jumatatu."

"Mimi nitasubiri, bosi. Sijui kama yenyewe itasubiri."

Jioni alimsimulia mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa akipinda suruali ya mteja sebuleni. Mume alijua kinachomkereketa mkewe. Miezi saba ilibaki astaafu, na katika faili lake hamkuwa na barua ya onyo hata moja. Hilo ndilo alilojivunia kuliko vyote.

"Mama watoto, kiwanda si cha baba yako. Kiache kife na wenyewe."

"Wenyewe hawafi nacho," alijibu. "Wao wanahamishwa. Sisi ndio tunaobaki na maiti."

Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi, sauti ilibadilika. Beringi iliacha kusaga, ikaanza kugonga. Alipanda ngazi mbiombio hadi ofisini. Katibu muhtasi akatikisa kichwa kabla hajaulizwa: "Yuko kwenye kikao."

Akashuka. Alisimama mbele ya kitufe chekundu kwa muda wa pumzi mbili, akakibonyeza.

Ukumbi mzima ukanyamaza.

"Shoga!" msokotaji mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, akapaza sauti. "Leo umekunywa nini?"

"Chai ya rangi. Njoo unishikie taa."

"Ili na mimi niandikiwe barua?"

"Wewe shika taa. Barua nitashika mimi."

Stoo hawakumpa kitu, maana fomu haikuwa na saini. Hakubishana nao. Alikwenda kwa namba tisa, mashine iliyokufa zamani, akafungua beringi yake. Ilitoka inang'aa kwa grisi ya Ijumaa iliyopita. Beringi ya namba nne ilikuwa imepasuka. Vipande vya gololi vilimdondokea kiganjani. Saa saba na nusu mashine ilianza kukoroma. Alikuwa amezidisha dakika kumi juu ya zile saa tatu alizoomba, na hizo nazo akaziandika katika daftari lake la kazi.

Wiki ile malengo yalifikiwa. Jumatatu tangazo la pongezi kwa meneja lilibandikwa ubaoni, na saa hiyohiyo katibu muhtasi akashuka na barua ya onyo, macho yakitazama chini.

"Nisamehe, mama. Nimetumwa tu."

Mama Bisibisi aliisoma mara mbili. Ilisema mashine ilisimamishwa saa tano. Akakata, akaandika saa nne na dakika ishirini, akatia saini. Kisha akatoa mfukoni bahasha ndogo ya kaki.

"Na hii iingie kwenye faili langu, pamoja na barua."

Katibu aliipima kiganjani. Ndani mlilia vyuma. "Mbona nzito?"

"Ni beringi. Atakayesoma barua aishike na hiyo."

Akachukua bisibisi yake, akaenda kuisikiliza namba nne.