Kitufe Chekundu Kwenye Gunia la Baba

Mwenye uji ni mimi, nakiri. Niliumwaga juu ya mashine ya gemu ya mdogo wangu Atanasia, kisha kwa aibu nikajigeuza fundi, mimi ambaye balbu hunishinda. Niliifungua, nikaifuta, nikaosha vipande vya pedi yake, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa mkononi, na kuvianika pale jua la Umatengo linapokaa muda mrefu kuliko pote: juu ya kichanja cha kahawa cha Baba.

Jioni, wakati wa kuunganisha, kitufe chekundu hakikuonekana. Nikaziba tundu lake kwa punje ya kahawa. "Imepona kabisa!" nikatangaza, na Baba akanishika bega kwa fahari.

Wiki iliyofuata tukapeleka magunia kwa mnunuzi binafsi. Wanunuzi walikuwa wameanza kuwa wengi, nao walichagua kweli, lakini kahawa ya Baba haikuwahi kukutwa hata na kokoto. Karani akachota kahawa kiganja kimoja, akaimwaga mezani, akatazama.

"Mzee Kosmas, siku hizi mibuni yako inazaa vifungo? Angekuwa mwingine, gunia ningelirudisha."

Foleni nzima ikacheka. Nilitamani nishonewe ndani ya gunia lile. Baba akakiokota kitufe, akakipuliza vumbi, akakibonyeza kwa kidole gumba kama mtu aliyekizoea.

"Fundi," akaniambia, "hiki si ndicho cha kurukia kwenye gemu?"

"Ndicho, Baba."

"Ndiyo maana," akasema kwa uchungu, "wiki nzima mkilala natumbukia kila shimo."